Mario Alipofika Rapsu

Watoto wa leo humjua Mario kwa filamu iliyotoka mwaka 2023, au kwa simu ya mama iliyosahaulika mezani. Sisi tuliokulia Mombasa katika miaka ya 1990 tulimjua kwa njia nyingine. Alikuwa kijitu kifupi chenye kofia na masharubu, kilichoundwa kwa vidoto vichache vya rangi, kikikimbia kutoka kushoto kwenda kulia ndani ya televisheni yenye kisogo kikubwa. Jina kamili la mchezo ni Super Mario Bros. Majumbani mwetu uliitwa Mario basi, na mashine iliyouchezesha iliitwa gemu.

Mchezo huo ulitolewa Japani na kampuni ya Nintendo tarehe 13 Septemba 1985. Waliouunda ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na muziki wake ni wa Koji Kondo. Mchezo mzima, pamoja na picha zake, sauti zake na ngazi zake 32, ulienea katika kilobaiti 40. Ile picha ya maua na maandishi ya Ijumaa Mubarak tunayotumiana kwa simu kila wiki aghalabu huwa nzito kuliko hapo. Kwa ajili ya ufinyu huo waundaji walibana matumizi kama mama wa nyumbani mwishoni mwa mwezi. Mawingu ya juu na vichaka vya chini ni umbo lile lile moja. Wingu likipakwa kijani huwa kichaka. Hata masharubu na kofia ya Mario, alivyoanza kuwa navyo katika mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, vilitokana na shida hiyo hiyo: uso wake ulikuwa mdogo mno kuchorwa mdomo, na nywele zilikuwa taabu kuchora.

Mashine zilizotufikia sisi hazikuwa za Nintendo wenyewe. Zilikuwa nakala zake, zilizotengenezwa Asia na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuikusanya. Yetu aliileta marehemu baba kutoka Dubai, maana alikuwa baharia. Kaseti yake ilijigamba kwa maandishi makubwa kuwa ina michezo mamia kwa mamia. Ukiihesabu, ilikuwa michezo michache iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Hatukujali. Mario alikuwamo, na huyo alitutosha.

Padi za kuchezea zilikuwa mbili, lakini katika mchezo huu wachezaji wawili hawaingii pamoja. Wa kwanza ni Mario, wa pili ni Luigi nduguye, na Luigi hungoja mpaka Mario afe ndipo apate zamu. Kaka yangu, aliyenizidi miaka sita, alikuwa Mario siku zote. Mimi nilikuwa Luigi. Kwa kuwa yeye alikuwa mahiri na hafi upesi, utoto wangu mwingi niliupitisha nimekaa mkekani na padi mkononi nikimtazama akicheza. Nilijifunza kwa kungoja. Nilijua kila bomba, kila shimo na kila tofali lenye sarafu kabla kidole changu hakijakigusa kitufe.

Mwaka 1997 ndio tuliocheza kuliko miaka yote. Mwezi wa Agosti, ghasia za Likoni zilipozuka, wazazi wetu walitufungia ndani hapo Majengo, hakuna kutoka isipokuwa kwa jambo la lazima. Ghasia zilipotulia zikaja mvua za El Niño, na vichochoro vikawa mito. Tulirudi chuoni na shuleni tumelowa, tukala, tukaswali, kisha kaka akaipuliza kaseti kuitoa vumbi, akaisukuma mahali pake, na ule muziki ukaanza. Mama alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Zimeni hiyo ngoma!" Hatukuzima mpaka stima ipotee, na ilikuwa ikipotea mara nyingi.

Ilipopotea, kila kitu kilipotea nayo. Mchezo ule hauna kumbukumbu. Una roho tatu, kama tulivyoziita, na zikiisha unarudi mwanzo kabisa. Tena skrini yake haikubali kurudi nyuma. Ulilolipita umelipita, hata kama umeacha sarafu mia. Lakini kwa ukali wote huo, una uaminifu mmoja ambao sikuufahamu thamani yake mpaka mwaka huu: ndani yake hakuna kinachohamishwa. Bomba la nne la ngazi ya kwanza liko pale pale lilipokuwa mwaka 1985. Tofali lililofichika baada yake, lisiloonekana kwa macho mpaka uruke chini yake na kuligonga kwa kichwa, bado limo, na ndani yake mna roho ya ziada. Atakayeucheza mchezo huo baada ya miaka mia atalikuta.

Sasa niwaeleze kilichoifanya gemu hii itoke kabatini mwa mama.

Kaka yangu ni mwalimu. Ajira ilimpeleka Kaunti ya Isiolo akiwa kijana, na Isiolo ikampeleka Rapsu, upande wa Kinna na Garbatulla. Huko akaoa katika jamii ya Waborana, akazaa, akapanda miembe, na kila tulipomuuliza atarudi lini Mombasa alijibu kwamba anasubiri muhula uishe. Mihula imeisha zaidi ya sitini.

Kisukari kilimpata akiwa na miaka thelathini na kitu, kama kilivyompata baba. Ugonjwa huu una hila: sukari inapokuwa juu kwa miaka, huiharibu mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, na mwanzoni mgonjwa haumwi wala hafahamu. Anasoma, anaandika, anavuka barabara. Kaka alipoanza kuona vidoa vyeusi vikielea mbele yake, damu ilikuwa tayari imevuja ndani ya jicho. Alitibiwa kwa miale ya leza na kwa sindano. Jicho la kushoto halikuokoka. La kulia limebakiwa na uwezo wa kupambanua mwanga na giza, na kivuli cha mtu akiwa karibu sana. Aliuacha ubao wa shule kabla ya umri wake wa kustaafu.

Tangu siku hiyo mama hakulala usingizi mzuri. Alitaka mwanawe arejeshwe nyumbani. Chumba cha chini kilipakwa rangi, godoro jipya likanunuliwa. Alisema, na mama yeyote msomaji wa ukurasa huu atamwelewa, kwamba hawezi kukubali kipofu wake alelewe na watu wengine wakati yeye yu hai. Wifi yangu alijibu kwa adabu kwamba watu hao wengine ni mkewe na wanawe. Simu zikawa fupi. Ndipo mama akaniambia, "Nenda wewe. Kaa naye. Mtazame anavyoishi, kisha uje uniambie kweli."

Nilipompigia kaka kumwambia naja, nilimuuliza nimletee nini. Akasema halua, ng'onda, na ile gemu.

Nilinyamaza. Nilidhani labda anaitaka kwa ajili ya watoto. Mama, aliyekuwa amesimama karibu yangu, alinitazama machoni. Hakusema neno, akaenda kabatini, akaitoa ikiwa imefungwa kwa leso kuukuu.

Nilipanda treni mpaka Nairobi, na kutoka hapo gari mpaka Meru, kisha Maua, juu kwenye vilima vya Nyambene ambako mashamba ya miraa yamebanana na hewa ni baridi. Kutoka Maua barabara inateremka, na kadiri unavyoteremka ndivyo joto linavyokulaki na miti inavyogeuka kuwa ya miiba. Tuliupita upande wa lango la Murera la Mbuga ya Meru, tukafika Kinna, na kutoka hapo nikapelekwa Rapsu. Mtu wa pwani akiisikia Isiolo hufikiria vumbi na ngamia tu. Vyote viwili vipo, lakini Rapsu ina maji ya mifereji yanayonywesha mashamba, na niliikuta mahindi yake yakiwa ya kijani, mapapai yamejaa mtini, na vitunguu vimeanikwa uani. Wifi alinionyesha ua wa miiba ulioinuliwa maradufu kwa ajili ya ndovu watokao mbugani usiku. Salamu zao ni zetu, adhana yao ni yetu, na chai yao ina maziwa mengi kuliko yetu.

Nyumba ya kaka ni ya vyumba vitatu. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kila kitu kilikuwa na mahali pake, na mahali hapo hapabadiliki. Ndoo ya maji ipo kulia kwa mlango, kata imelazwa juu yake, mpini umeelekea nje. Viti vinne vimeegemezwa ukutani. Viatu vya kaka viko juu ya jiwe bapa, wala havichanganywi na vya watoto. Kijana wao mdogo alipoacha baiskeli yake njiani, dadake wa miaka kumi na mmoja alimwita kwa neno moja tu la Kiborana, na baiskeli ikaondoka mara moja. Hakuna aliyenieleza utaratibu huo. Nilikaa siku moja nikawa nimeujua.

Jioni ya pili, baada ya Isha, tuliitoa gemu. Nyumba ina umeme wa jua na televisheni bapa, na kwa bahati njema nyuma yake mlikuwa bado na matundu ya nyaya za zamani, la manjano na la nyeupe. Nilichomeka. Skrini ikawa nyeusi. Kaka akacheka, "Hukuipuliza." Nikaitoa kaseti, nikaipuliza, nikaisukuma tena, na muziki wa Koji Kondo ukatoka katika usiku wa Rapsu, ule ule, bila kupungua noti hata moja.

Watoto waliangua kicheko. Mario wanayemjua wao ana macho ya buluu na vitufe vinavyong'aa kwenye nguo. Huyu alikuwa kama kitu kilichoshonwa kwa shanga. Kisha kaka akanyoosha mkono. "Nipe padi ya kwanza."

Hakuna aliyecheka hapo.

Mara ya kwanza alikufa kwa kile kidudu cha mwanzo, chenye umbo la uyoga, ambacho kimewaua watoto wa dunia nzima. Mara ya pili alikipita, akaanguka shimoni. Mara ya tatu alisimama, akainamisha kichwa, akawa anasikiliza. Ndipo nikaelewa anachofanya. Alikuwa akihesabu kwa muziki. Tena sauti za mchezo ule, ambazo mimi mwenye macho sikuwahi kuzitilia maanani, kwake zilikuwa alama za njia. Mario akiwa mdogo, mlio wa kuruka kwake ni mwembamba. Akila uyoga akakua, mlio huwa mzito. Akigonga tofali tupu kuna kishindo, akigonga lenye sarafu kuna mlio wa kengele. Akiingia ndani ya bomba hutoa mlio ule ule anaoutoa akijeruhiwa, na kaka alisema jambo hilo lilimsumbua tangu utotoni: kwa nini kuingia mlangoni kufanane na kuumia?

Alipokwama, alisema kitu ambacho nimekibeba mpaka Mombasa. Alimwita binti yake aketi karibu, akamwambia: "Vilivyosimama navijua mwenyewe. Wewe niambie vinavyotembea tu."

Wakaanza upya. Binti alisema, "Kidudu," naye akaruka. "Viwili," akaruka mara mbili. Mabomba hakumwambia, mashimo hakumwambia. Hayo alikuwa nayo kichwani tangu Majengo. Walipopita bomba la nne, kaka alirudi hatua moja, akasita, akaruka mahali palipokuwa patupu kabisa. Tofali lililofichika likajitokeza, na uyoga wa kijani ukatoka, ule wa roho ya ziada. Binti alipiga ukelele. Akamgeukia mamake: "Kaona! Baba kaona!"

Wifi aliinua ukingo wa mtandio wake akajifuta uso, akasema moshi wa jikoni umemwingia. Jiko lilikuwa limezimwa tangu Magharibi.

Waliuparamia mlingoti wa bendera mwishoni mwa ngazi ya kwanza wakiwa na muda mchache uliosalia. Saa ya mchezo huanza na 400, na hesabu ikishuka chini ya 100 muziki huenda mbio. Kaka alisema ule muziki wa mbio ndio pekee unaomtisha hadi leo.

Zamu yangu haikufika usiku ule. Nilikaa na padi ya pili mkononi, kama mwaka 1997, nikitazama.

Asubuhi aliniomba nimsindikize. Tulifuata ukingo wa mfereji, yeye akitangulia na fimbo yake, binti kando yake, mimi nyuma. Hakushikwa mkono. Maji ya mfereji yalikuwa upande wake wa kushoto yakisikika, na alijua ni wapi yanapogawanyika kwa jinsi sauti inavyokuwa mbili. Palipo na mti wa mgunga alipinda kabla sijauona. Watu walimsalimu nao akawajibu kwa majina, na mwenye ng'ombe mmoja alimwuliza hesabu ya magunia, akaifanya papo hapo kichwani akampa jibu. Binti alisema mara tatu tu njia nzima. "Pikipiki, baba." "Mbuzi." "Pikipiki nyingine." Zaidi ya hapo alikuwa akiniuliza mimi habari za bahari.

Tulipokaa kivulini nilimfikishia salamu za mama na habari ya chumba kilichopakwa rangi. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kumsikiliza mwanafunzi. Kisha akasema, "Dada, mama ana haki juu yangu, na siikatai. Lakini niambie, ngazi za nyumba yetu bado ziko mahali pake?"

Nikamwambia hapana. Nyumba iligawanywa baba alipofariki, nusu ikapangishwa, ngazi zikahamishiwa nyuma.

"Na njia ya kwenda msikitini?"

Nikamweleza. Palipokuwa na uwanja pamejengwa ghorofa. Barabara imechimbwa, na tuktuk zinapita mpaka kwenye vibaraza vya watu.

"Basi huko nitajua nini?" akauliza, bila uchungu. "Mtanipenda sana, na kwa mapenzi hayo mtanikalisha kitini. Mtaniletea chai, mtaniletea redio. Hapa jioni watoto kumi na wawili huja uani nikawasomesha hesabu kwa mdomo. Nikipotea njia kuna mtu atakayejua sauti yangu."

Jambo hili halikuwa jepesi kwa kila mtu, na sitaki msomaji adhani kwamba Rapsu ni pepo ya duniani. Usiku wa mwisho wifi alikaa nami jikoni, akaniambia yaliyomo moyoni mwake. Kliniki ya macho iko mbali, na nauli ya watu wawili si kitu kidogo. Usiku mmoja sukari ya kaka ilishuka hadi akawa hajui alipo, naye akampa maji ya sukari kijiko kwa kijiko akiwa peke yake, watoto wamelala, mtandao wa simu hakuna. Alisema, "Wifi, mimi sijachoka naye. Nimechoka kuogopa peke yangu." Mtu akiambiwa neno kama hilo hatoi ushauri. Nilimshika mkono tukakaa.

Kwa hiyo tulizungumza sisi watatu asubuhi, tukakubaliana mambo machache yanayowezekana. Kaka atabaki Rapsu. Kila baada ya miezi michache atakuja pwani kwa uchunguzi wa macho na figo, na gharama hiyo itakuwa juu yetu ndugu, si juu ya mkewe. Jirani mmoja na kijana wao mkubwa watafundishwa kupima sukari na dalili za kushuka kwake: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka. Na mama, akipata nguvu, atapelekwa Rapsu akakae mwezi mzima, aione miembe aliyokuwa akiisikia kwa simu.

Nilirudi Mombasa nikamweleza mama kweli kama alivyoniagiza. Nilimweleza mfereji, pikipiki, watoto kumi na wawili, na usiku ule wa maji ya sukari, maana sikutaka kumficha. Nilimweleza pia habari ya gemu. Alikaa kimya muda mrefu akiwa na tasbihi mkononi. Kisha akauliza, "Alivuka lile shimo la pili?"

Sikujua kwamba mama aliwahi kulitazama lile shimo. Miaka yote ile alikuwa jikoni akitukemea.

Nimeyaandika haya kwa sababu ninajua kwamba katika nyumba nyingi zinazosoma jarida hili kuna mwenye kisukari, na pengine kuna anayepoteza macho hivi sasa naye hajamwambia mtu. Naomba niseme mawili. La kwanza, mwenye kisukari apimwe nyuma ya jicho kila mwaka, ile ya kutiwa matone yanayopanua mboni, hata kama anaona vizuri, maana uharibifu huanza kabla ya dalili. Leza na sindano hufanya kazi nzuri zaidi mapema. Zikichelewa huzuia tu kilichobaki kisiondoke. Mimi mwenyewe nimekwenda, na ninangoja kurudi mwakani.

La pili ni la nyumbani. Tukiwa na mgonjwa asiyeona, huruma yetu hutusukuma kumhamisha: kumhamisha chumba, kumhamisha mji, kumpangia vyombo upya ili arahisikiwe. Kabla ya kufanya hivyo tumuulize anajua nini kwa moyo. Kuna mtu anayeijua nyumba yake gizani kuliko tunavyoijua mchana. Vilivyosimama tumwachie mwenyewe. Kazi yetu sisi wenye macho ni kumwambia vinavyotembea, na tuseme kwa ufupi, bila kumshika mkono kila hatua.

Kuhusu michezo ya watoto, najua wazazi wengi huiona kuwa upotevu wa muda, na mingi ya leo imeundwa makusudi isimwache mtoto aondoke. Hubadilika kila wiki, hudai fedha, haina mwisho. Ule wa kwetu ulikuwa na mwisho, na ulikuwa na zamu. Siwezi kusema zaidi ya hapo kwa ilmu. Nasema tu kwamba wazazi wakae karibu, angalau wajue mashimo yako wapi.

Gemu niliiacha Rapsu. Juzi binti wa kaka alinitumia ujumbe wa sauti. Wamefika ngome ya dunia ya nne, wamemshinda jitu la moto, na kama kawaida ya mchezo ule wameshukuriwa kisha wakaambiwa kuwa binti mfalme yuko ngome nyingine. Mdogo wake amelia. Nyuma ya sauti yake nilimsikia kaka akicheka, akimwambia kijana achukue padi ya pili, zamu ya Luigi imefika.